Paa niliyemsingizia

Asubuhi ya leo nimehesabu miche ya mbambakofi iliyobaki: 17 kati ya 40. Niliipanda masika ya mwaka juzi kwa mbegu nilizookota mwenyewe chini ya mti mkubwa huku Gede. Mbegu nyeusi tii zenye kikofia chekundu, ngumu kama jiwe. Kila moja niliikwaruza kwa tupa na kuiloweka usiku kucha ndipo ikaota. Kwa hiyo mche ukikatwa, huniuma.

Shamba letu liko karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, na paa hutoka alfajiri na magharibi. Lawama zote niliwatupia wao. Ami akasema, "Mwanangu, tega waya mmoja tu, utapumzika." Sikumkatalia. Usiku ule nililifikiria kweli, na naona haya kuliandika. Uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, lakini nyaya bado zinategwa, na waya hauchagui shingo. Msitu huu una paa nunga, mnyama ambaye nje ya pwani yetu hii utamkuta Unguja na si kwingi zaidi. Ningemnasa huyo, ningemwambia nini Mungu?

Kulipokucha nikachuchumaa penye mche mmoja uliokuwa umenifika kiunoni. Kikonyo kimekatwa juu kabisa, na gome limechunwa upande mmoja. Paa anayepita hapa mgongo wake haufiki goti langu. Pale juu angefikaje? Kinyesi chake nakijua, vipunje kama mbegu za papai, lundo moja chini ya mkwaju, siku zote palepale. Penye miche hapakuwa na lundo. Palikuwa na vipunje vikubwa vilivyomwagika njia nzima, kutoka bandani kwetu.

Mbuzi wangu. Tangu tulipovuna mahindi nimekuwa nikiwaachia wajitafutie, na mbuzi akisimama kwa miguu ya nyuma hakuna tawi changa linalomshinda.

Kuwauza siwezi, ndio ada za shule. Na mibambakofi siiachi: milango ya kale ya Lamu ilichongwa kwa miti kama hii, na leo ukitaka mti mkubwa huku kwetu utautafuta mpaka uchoke. Basi mbuzi wote 12 sasa wako kwenye kamba, nawahamishia vigingi asubuhi na mchana, majani nawakatia. Kazi ni nyingi kuliko nilivyodhani. Penye mkwaju sikuziba. Ile ni njia ya paa tangu enzi za babu.

Ami nilimwonyesha vile vipunje. Alivitazama kimya, akaenda zake. Alasiri akarudi na panga na mzigo wa matawi ya mgunga begani, akaanza kuzungushia mche wa kwanza bila kuniuliza. Mpaka adhana ya magharibi tulikuwa tumemaliza minane. Mikono yangu imechanika kwa miiba. Bado tisa.