Ndara za mdogo wangu

Hii ilitokea hapa Malindi, magharibi ishaingia, mtu kafunga kamba ya ng'ombe mnazi hadi mnazi kukata njia kabisa, mdogo wangu na bodaboda yake hakuiona, ikamkamata shingoni. Nilipopigiwa simu nikachomeka miguu kwenye ndara za kwanza nilizozikuta mlangoni nikatoka mbio.

Nikamkuta ameketi, kulala hataki, akilazwa anakabwa. Damu kidogo tu, wallahi ungesema si kitu. Lakini shingo imefura mpaka mashavuni na ukimbonyeza ngozi inalia krr krr kama pakiti ya krispi za muhogo, manake bomba la pumzi limepasuka na hewa inaingia chini ya ngozi. Usiku huohuo ndege, Nairobi.

Kule daktari wa usingizi akatuketisha mimi na mamangu. Bomba limekatika, kimebaki kipande cha nyuma tu, wakimlaza usingizi kwanza halafu wamsukumie mpira kooni huenda ukapotea njia, ukimalizia kulikata hapo hakuna pa kumpitishia hewa tena. Kwa hivyo wataanza angali macho, wamtie ganzi kinenani kwa sindano, waingize mipira kwenye mishipa mikubwa, mashine ivute damu, iitie oksijeni na iirudishe mwilini, ndo alale sasa wamshone.

"Yaani moyo mnausimamisha, mwanangu?" mamangu akauliza.

"La mama, moyo unapiga kama kawaida, mashine inashika kazi ya mapafu tu."

Mimi iliyonitisha ni ile dawa ya kuzuia damu isigande ndani ya mipira, kwa mtu aliyeumia tena! Wakasema watatia kidogo kabisa. Nikasaini.

Mamangu na tasbihi yake, mimi na simu, nasoma ati daktari mmoja, John Gibbon, kule Philadelphia mwaka 1953 alimfungua moyo msichana wa miaka 18, mashine yake ikabeba kazi ya moyo na mapafu dakika 26. Nikamsomea mamangu. Akaniambia nizime simu niombe dua.

Tulipoingia kumwona tukakuta kidevu kimeshonwa kifuani, uzi kabisa, ili asiinue kichwa akavuta kidonda, atakaa hivyo kama wiki. "Wamemshona kama gunia," mamangu akanong'ona. Kusema hawezi, kuangalia ni chini tu, akaomba kalamu kwa mkono, akaandika polepole, nikainama kusoma:

"Mbona umevaa ndara zangu?"