Magari yaliyolala uani

Mwaka 2016 nilikuwa msimamizi wa gereji ya malori pale Uyole, Mbeya, njia panda ya Tukuyu. Bosi alitaka tutoe magari matano kwa siku badala ya matatu, akanipa wiki mbili nipange mafunzo ya uanagenzi. Kwa kutaka kuonekana msomi, nikanakili muhtasari wa masomo wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, karibu wote: injini kwanza, halafu umeme, breki mwishoni. Vijana kumi, miaka miwili.

Nikampelekea Mzee Difu, fundi wetu mkuu. Jina hilo alilipata kwa kusikiliza difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, ameegesha bisibisi sikioni, kama daktari. Alisoma ukurasa mmoja akanirudishia.

"Mwanangu, hawa vijana watafanya nini hapa?"

"Watajifunza kazi, mzee."

"Kazi ipi?"

Nikakosa jibu. Akaniagiza nilete daftari la mapokezi. Jioni ile, na baridi ya mwezi wa saba inavyouma Uyole, tulihesabu magari yaliyolala uani zaidi ya siku moja kwa miezi mitatu. Yalikuwa 41. Kati yake 26 yalikuwa ya breki na klachi. Ya injini manne tu. Hakuna ajabu. Malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, yanapanda na kushuka milima ya Mbeya yakiwa na mzigo kamili, na dereva akikalia breki badala ya kushuka na gia nzito, zinaungua. Waliokuwa wakizitengeneza walikuwa wawili: yeye na mwenzake mmoja.

"Basi shule yako ndiyo hiyo," akasema.

Nikaanza upya. Vijana wanne, wawili kwa kila fundi. Miezi sita ya breki na klachi. (Mmoja aliyeletwa na mama yake alikuwa na miaka 15, nikamrudisha, kulala chini ya tela si kazi ya mtoto, na sheria ya ajira ya 2004 haiwaruhusu walio chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari.) Kila kijana na daftari lake: kazi aliyoitazama, aliyosaidia, aliyoimaliza mwenyewe. Fundi anatia sahihi.

Mzee akagoma kutia sahihi. Nikamwona mchoyo, tena nikalisema hilo mbele za watu. Mpaka leo naona aibu. Yeye alilipwa kwa kila gari alilomaliza. Kila saa aliyomwelekeza spanaboi ilitoka mfukoni mwake. Katika bajeti yangu niliandika posho za vijana, ovaroli, hata sabuni. Muda wa fundi sikuuandika popote.

Nikarudi kwa bosi kuomba fundi alipwe kwa kila kazi ambayo kijana ameimaliza na gari halikurudi. Alininunia siku tatu, kisha akakubali nusu ya nilichoomba.

Ijumaa iliyofuata nilikuta daftari la kwanza mezani kwangu. Kwenye nafasi ya maoni Mzee Difu alikuwa ameandika: "Anakaza nati huku anapiga soga. Arudie." Pembeni, badala ya sahihi, dole gumba la grisi.