Kilomita 8,780 na Jua Lisilotaka Kutua

Kosa langu lilianzia kwenye kikokotoo cha simu. London hadi Los Angeles ni kama kilomita 8,780 angani, na ndege kubwa ya abiria hukata takriban kilomita 900 kwa saa. Nikagawanya, nikapata saa 9 na dakika 45. Ndege inaondoka saa sita mchana, na Los Angeles iko nyuma kwa saa 8, basi nikamwandikia dada yangu: "Natua saa nane kasoro robo. Usichelewe, dada."

Kikokotoo hakikujua kwamba ndege nayo hupanga foleni. Ilipofika zamu yetu kuruka, dakika 25 zilikuwa zimekwenda.

Dirishani alikaa mzee mmoja niliyemsikia akizungumza Kiswahili kwenye simu. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa furaha. Saa kadhaa baadaye akanigusa bega na kunionyesha ramani kwenye skrini. "Mwanangu, Greenland tunafuata nini? Los Angeles si iko kusini huko?"

Nikamwomba chungwa lake. Nikatia nukta mbili kwa kalamu, London upande mmoja, Los Angeles upande wa pili na chini kidogo, kisha nikakaza waya wa hedifoni kati yake. Waya ukapanda wenyewe kuelekea kwenye kikonyo, yaani kaskazini. Kwenye ramani bapa njia hiyo inaonekana imepinda, kumbe kwenye dunia ya mviringo ndiyo fupi kuliko zote.

Mzee hakuridhika. "Haya, lakini dunia inazunguka kwenda mashariki. Si Los Angeles inatujia yenyewe?"

Ingekuwa hivyo, tungepaa tu tukaisubiri. Hewa nayo huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo humo humo. Tena huko juu, kilomita 10 hivi kutoka ardhini, kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi, na majira ya baridi huzidi nguvu. Ilikuwa Februari. Skrini ilisoma kilomita 815 kwa saa, si 900 zangu.

Kilichonishangaza mimi ni jua. Nilikula, nikasinzia, nikaamka, na ule mwanga ulikuwa bado umelala palepale kwenye mkono wa kiti cha mzee. Kwenye latitudo ya 62 hivi, ardhi huzunguka kwenda mashariki kwa kasi isiyofika kilomita 800 kwa saa, nasi tulikuwa tunakwenda magharibi kwa 815. Tulikuwa tunakimbizana na mchana, na haukutuacha.

Kabla ya kutua mzee alilimenya chungwa akanigawia nusu, maana Marekani tunda ukiingia nalo lazima ulitangaze forodhani, na yeye hakutaka maswali. Tuligusa ardhi saa tisa na dakika 25. Pasipoti na mabegi vikala saa nzima nyingine.

Dada alikuwa amesimama pale tangu saa saba na nusu. "Hesabu zako," alisema, hata kabla ya kunikumbatia, "uwe unajifanyia mwenyewe."

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa mgongoni. Skrini ilipanda hadi 1,060, usiku ukawa mfupi mno, na safari ile ile ikachukua saa 10. Kabla sijapanda ndege, rafiki wa kunipokea London aliniuliza ningefika saa ngapi. Nikamjibu nitampigia nikishashika begi.