Pale Bibi anapotia uzi sindanoni

Bibi yangu hashonei kofia popote tu. Ana mahali pake: kwenye msana, ukumbi mrefu mwembamba wa nyumba yetu ya mtaa wa Mkomani, Lamu, hatua mbili kutoka ukingo wa kiwanda, yaani uwanja wa ndani usioezekwa, mgongo ukutani, miguu kainyoosha mkekani, bega la kushoto likielekea kwenye uwazi. Nimemwona pale tangu sijajua kusoma. Nimebeba kamera miaka sita ndipo nikaelewa kwa nini.

Kwa asiyezijua nyumba za mawe za Lamu: kwa nje ni ukuta mtupu, madirisha ni machache, na heshima ya nyumba ndivyo inavyotaka. Mwanga unaingilia kiwandani, kisha unapita kwenye misana, ukififia kidogo kidogo hadi kufika ndani kabisa.

Mimi niliyajua haya yote kwa kuyaishi, lakini nikishika kamera nilikuwa nayasahau. Nilijifunza upigaji picha kwa kutazama video za watu wa nchi za baridi, wanaokaa na madirisha ya vioo kutoka sakafu hadi dari. Kwa hiyo kila mtu nilimpandisha chumba cha juu nikamkalisha ubavuni mwa dirisha dogo la kichochoroni. Shavu moja linaungua jeupe, la pili linazama gizani. Ami yangu nilimpiga kwenye chumba alichokipaka rangi ya mafuta ya kijani. Mwanga uligonga ukuta ule ukarudi usoni mwake nao ni wa kijani, akaonekana kama mtu aliyetoka kuugua. Alinyamaza, lakini picha ile sijaiona ukutani kwake hata siku moja.

Basi mwezi wa saba, Bibi akataka picha ya kumpelekea dada yake aliyeko Malindi, ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda basi. Nikaandaa kiti juu, karibu na dirisha langu lile lile. Nikateremka kumwita.

"Mjukuu wangu, ngazi zile siziwezi. Nipige papa hapa."

Nikamwambia juu kuna mwanga zaidi. Akaniangalia, sindano mkononi.

"Mwangaza mwingi wa nini? Huko juu watia mato maji. Hapa uzi waingia sindanoni mara moja."

Nikaketi mbele yake, nikautazama uso wake kama sijawahi kuuona. Ilikuwa yapata saa nne asubuhi. Jua lilikuwa limeupiga ukuta wa pili wa kiwanda, sehemu ya juu tu, na ule ukuta mweupe wa chokaa ndio uliokuwa ukimwangazia. Jua lenyewe halikumgusa. Ukuta mzima ulikuwa umegeuka dirisha, pana kuliko dirisha lolote nililowahi kulitumia, na mwanga unaotoka mahali papana huwa mlaini: unauzunguka uso, unaingia kwenye makunyanzi bila kuyachimba. Machoni mwake kulikuwa na nukta mbili nyeupe, moja kila jicho. Nukta zile zikikosekana, mtu huonekana kama hayupo.

Upande wa pili wa uso nao haukuwa mweusi, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi. Nyumba hizi zimeezekwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, takriban mita 3, hauzidi sana hapo. Kwa hiyo ukuta wa nyuma, mweupe nao, uko karibu. Mwanga unaompita Bibi unaugonga ukuta ule na kumrudia shavuni. Video zote zilinifundisha kushika ubao mweupe upande wa kivuli, kumbe fundi aliyejenga nyumba hii alishaushika.

Nikaizima taa ya umeme kwanza. Taa na mwanga wa mchana ni rangi mbili, na ngozi haiwezi kuzibeba zote. Kamera nikaiweka hivi: lenzi ya milimita 50, tundu la f/2.8, kasi ya 1/125 ya sekunde, wepesi wa ISO 800. Picha ya kwanza ikatoka na giza, kwa sababu kamera ikiona kuta nyeupe hudhani kuna mwanga mwingi kupita kiasi, ikaupunguza, na anayeumia ni mwenye uso mweusi. Nikaongeza kituo kimoja, yaani mwanga maradufu. Ngozi ya Bibi ikatokea kama ilivyo, hudhurungi yenye wekundu kwa ndani, na kanga yake ikabaki na maandishi yake. (Mtu akiwa ndani ya buibui jeusi, aliyejaza picha nzima, mambo hugeuka: kamera huzidisha mwanga, na wewe unatakiwa kupunguza.)

Nilimwomba asogee kiganja kimoja tu kuelekea kiwandani, kisha ageuze kidevu. Aligeuza mara moja, akarudi kwenye kofia yake. Sikumsumbua tena. Nilipiga akishona.

Tangu siku ile, nikiingia nyumba ya watu siulizi dirisha liko wapi. Nauliza mama wa nyumba huchambulia wapi mchele, au watoto hufanyia wapi kazi za shule umeme ukikatika. Huonyeshwa mahali pale pale ambapo ningepapata baada ya saa nzima ya kuhangaika na viti. Wakati mwingine ni kizingiti cha mlango. Nyumba moja ya mtaa wa Langoni ilikuwa ngazi ya tatu kutoka chini, na mwenyewe alicheka nilipomwomba akae pale, kwani ndipo anapokaa kila asubuhi.

Uso wa Bibi sitauweka hapa. Hataki, nami nimemwahidi. Picha niliisafisha kwa ukubwa wa karatasi ya daftari, akapewa kijana anayesafiri kwenda Malindi.

Ilipofika, dada yake alipiga simu usiku ule ule. Alisema vitundu vya kofia anaviona kimoja kimoja, na mstari wa tatu umepinda. Bibi akavaa miwani, akaenda kukaa mahali pake, akakumbuka kuwa ni usiku. Asubuhi yake, saa nne, nilimkuta akiufumua.