Pikipiki ya theluji ya mapigo mawili: joto kwanza, jeti baadaye

Toa gurudumu la mbele la pikipiki ya motokrosi, weka skii, yaani ubao wa kuteleza. Toa la nyuma na mkono wake wote, funga fremu yenye mkanda wa mpira wa meno marefu. Hapo una pikipiki ya theluji, inayopita katikati ya miti ya milima ya Idaho, Marekani, na British Columbia, Kanada, ambako snomobili, chombo kipana cha theluji, haina nafasi ya kugeuka. Seti za kugeuzia zinauzwa tayari. Ya kampuni ya Timbersled ya Sandpoint, Idaho, ambayo kampuni ya Polaris iliinunua mwaka 2015, ndiyo inayotajwa zaidi. Wengi huifunga kwenye injini ya mapigo manne ya cc 450. Ya mapigo mawili ni nyepesi na kuinasua ikikwama kwenye theluji si adhabu, lakini haisamehi fundi mzembe.

Mfano wangu humu ni KTM 300 XC-W ya 2016: silinda ya milimita 72, mwendo wa pistoni milimita 72, cc 293, kabureta ya Keihin PWK 36. Kuanzia toleo la 2018 KTM walianza kuweka mfumo wa sindano za mafuta, badala ya kabureta, kwenye pikipiki zao za enduro za mapigo mawili. Huo hujirekebisha wenyewe ukipanda mlima, na kwa mtu asiyetaka kushika bisibisi ni jambo jema. Mimi bado napendelea kabureta: ikikosea, inaonyesha kosa lake.

Watu huanza na jeti, vile vipande vyenye tundu vinavyopima petroli ndani ya kabureta. Wanakosea. Anza na joto la injini, kwa sababu jeti ulizopanga kwenye injini yenye nyuzi 30 hazitafaa ikifika 65.

Pikipiki nyingi za motokrosi hazina thamostati, ule mlango unaozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate joto. Kwenye vumbi haina kazi, ila nje kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, rejeta mbili zinapoza maji kuliko injini inavyoyapasha. Ukiivuta ghafla, pistoni ya alumini inapata joto na kutanuka upesi, huku silinda bado imezungukwa na maji baridi. Nafasi kati yao inakwisha na pistoni inashika. Ukifungua utaona mikwaruzo minne, kama pembe nne, kuzunguka sketi, yaani sehemu ya chini, ya pistoni. Huko si kukosa oili wala petroli. Ni baridi.

Thamostati ya kufunga iwe na njia ya mzunguko mfupi, yaani ikiwa imefungwa maji yaendelee kuzunguka ndani ya injini bila kupitia rejeta. Ile ya bei rahisi inayoziba bomba tu ni mtego. Maji ya injini yanapata moto, yale ya rejeta yanabaki ya barafu, kisha mlango unapofunguka bonge zima la maji baridi linaipiga silinda iliyo moto. Lenga nyuzi 60 hadi 70 injini ikifanya kazi, na usiipe mzigo kabla ya 40. Weka kipimo cha joto kwenye usukani, usikisie kwa kushika rejeta na glavu. Kuulanti iwe nusu kwa nusu na maji safi, inahimili mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Kwa sehemu kali zaidi, sitini kwa arobaini.

Bomba la ekzosi nalo lina habari yake, na wachache huitilia maanani. Bomba la mapigo mawili hufanya kazi kwa mawimbi ya sauti yanayorudi kwenye silinda kwa wakati wake, na sauti hukimbia taratibu katika gesi baridi. Theluji ikilirukia na kuligandia, gesi ndani inapoa, wimbi linachelewa, na nguvu inahamia kwenye mizunguko ya chini. Mwendeshaji anasema injini imekufa juu, fundi anabadili jeti kuu, ile ya eksileta ikiwa wazi, bure. Fungia bomba kitambaa cha kuzuia joto au weka ngao ya bati, halafu ndipo upime.

Sasa hewa. Kutoka nyuzi 20 hadi 15 chini ya sifuri, mwinuko ukiwa uleule, hewa inakuwa nzito kwa asilimia 14 hivi. Hilo halina maana jeti iongezwe tundu kwa asilimia 14, kwa kuwa hewa nzito yenyewe inavuta petroli zaidi. Takriban nusu yake inatosha. Kwa Keihin, anza na jeti kuu kubwa kwa namba mbili au tatu kuliko ile ya nyuzi 20, na jeti ndogo, ile ya eksileta ikiwa karibu kufungwa, iwe kubwa kwa namba moja, kisha punguza. Hata siku moja usianze na namba ndogo ukawa unaongeza. Kosa la petroli nyingi ni plagi kulowa, kosa la petroli chache ni pistoni mpya.

Mwinuko unavuta upande wa pili. Kwenye mita 2,500 mgandamizo wa hewa umeshuka kwa karibu robo ukilinganisha na usawa wa bahari. Basi pikipiki iliyopangwa vizuri kileleni ina petroli chache ikirudi bondeni, na bondeni ndiko kwenye njia ndefu iliyoshindiliwa, ambako kila mtu anavuta eksileta mpaka mwisho. Injini nyingi zinafia kwenye safari ya kurudi kwenye gari. Panga kwa ajili ya sehemu ya chini kabisa utakayopita, uvumilie petroli kuzidi kidogo huko juu.

Jeti ndogo inapimwa kwa skrubu ya hewa, injini ikiwa imeshapata joto. Ikinguruma vizuri zaidi skrubu ikiwa chini ya mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa, jeti ni ndogo. Ikiwa zaidi ya miwili na nusu, ni kubwa. Sindano ya kabureta inatawala robo mpaka robo tatu ya eksileta. Kushusha klipu inayoishika tundu moja kunainua sindano na kuongeza petroli. Jeti kuu inasomwa kwenye plagi mpya: vuta mpaka mwisho gia ya nne kwenye theluji yenye mzigo, kata moto na bana klachi papo hapo, toa plagi. Tazama pete ya rangi chini kabisa kwenye shina la kauri. Ncha inadanganya. Vidoadoa vidogo vya fedha au vyeusi kama pilipili manga kwenye kauri ni alumini ya pistoni ikianza kung'oka. Simama hapo, usiendelee kujaribu. Kwa plagi za NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, na kwa mzigo wa mkanda panda namba moja.

Mzigo wenyewe si wa kawaida. Motokrosi haikuruhusu kushikilia eksileta mwisho kwa dakika nzima, theluji laini inakulazimisha. Kwa hiyo miksa ya petroli na oili ya 60 kwa 1 siipendi hapa. Tumia 40 kwa 1, yaani mililita 25 kwa lita, au 500 kwa dumu la lita 20. Waliochanganya miksa ya boti Lamu au Kilwa wanajua hesabu hii, tofauti ni kwamba kwenye baridi oili huwa nzito na kukaa chini ya dumu: ianze kuchanganywa na petroli kidogo ndani ya nyumba, itikiswe, ndipo ujaze. Kumbuka pia kuongeza oili kunapunguza petroli inayopita kwenye jeti ileile. Ukibadili miksa, soma plagi upya.

Kabla ya kufunga injini kwenye fremu, ipime kama inavuja. Ziba mlango wa ekzosi na wa kabureta, jaza hewa ya bar 0.4, subiri dakika sita. Ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye oili sili za kranki, gasketi ya chini na mpira wa kabureta. Sili iliyochoka inaweza kuziba vizuri Septemba na kuvuja Januari mpira ukikakamaa. Pima na nafasi kati ya pistoni na ukingo wa hedi kwa waya laini wa solda, pande zote mbili kwa mstari wa pini ya pistoni. Nalenga milimita 1.1 hadi 1.3. Ikizidi sana, petroli ya pembeni inawaka ovyo, na kuongeza oktani hakutaiponya.

Kwa 300 chagua mkanda wa inchi 120. Wa 137 unaelea vizuri lakini unakula nguvu ambayo injini hii haina. Sproketi ya mbele ikishuka kutoka meno 13 hadi 12, uwiano unabadilika kwa karibu asilimia 8, na mara nyingi huo ndio utofauti kati ya kupanda na kuchoma klachi. Cheni ya seti inyooshwe kwa rula ndefu kutoka sproketi hadi sproketi. Ikipinda milimita mbili, itakula meno kabla ya mwezi kuisha.

Mwisho kabureta yenyewe. Mirija ya hewa ya bakuli lake la petroli hutoka kiwandani ikiwa inaning'inia chini. Theluji ikiiziba, bakuli halipumui na petroli inakoma njiani, injini ikiwa kwenye mzigo. Weka kiungo cha T na upandishe tawi moja juu, chini ya tangi. Halafu barafu: hatari zaidi ni karibu na sifuri hewa ikiwa na unyevu, si kwenye nyuzi 25 chini. Petroli ikigeuka mvuke inapoza kabureta, slaidi inaganda, na ikiganda wazi pikipiki inaendelea kuvuta ukiwa umeshaachia eksileta. Pitisha mpira wa maji moto ya injini kwenye mwili wa kabureta, na funga swichi ya kamba kwenye kifundo cha mkono, ile inayozima moto ukianguka.