Mkutano wetu wa bustani umeahirishwa hadi Aprili
Ndugu na marafiki, mkutano wa kimataifa wa watunza bustani ninaosaidia kuuandaa mjini Asheville, Marekani, umeahirishwa hadi Aprili 2025, kwa sababu mabaki ya kimbunga Helene yaliufurisha mto Swannanoa tarehe 27 Septemba 2024, na maji ya bomba hayakuthibitishwa kuwa salama kwa kunywa hadi 18 Novemba. Kusema kweli, ukumbi haukutusumbua kama viza: barua za mwaliko zina tarehe za zamani, hivyo tunalazimika kumwandikia upya kila mgeni, na wengine wameshalipia ada ubalozini. Miche ya maonyesho tuliikuta imezikwa kwenye tope linalonuka dizeli. Tuliitupa yote, maana tope la namna hiyo halifai hata kuchanganywa na mboji.