Danke ya Kimachame

Ilikuwa Septemba, wiki yangu ya tano Leipzig. Nilikuwa najitolea kwenye shule ya chekechea, na Kijerumani nilichokuwa nimekisoma Dar kabla ya safari nilikuwa nakionea fahari. Mji wenyewe sikuuona mgeni. Mimi ni mtu wa Machame, na wamisionari wa Leipzig walifika kwetu mwaka 1893. Bibi yangu alilitaja jina hilo kama mtu anayetaja kijiji cha ng'ambo ya mto. Basi mwalimu mwenzangu aliponikaribisha kahawa ya Jumapili kwa mama yake, nilijiona nakwenda kwa watu ninaowajua nusu.

Nusu nyingine ikaanza kunipiga kabla sijakaa. Alikuwa ameniambia "halb vier". Halb ni nusu, vier ni nne, saa nne yao ya mchana ni saa kumi yetu: saa kumi na nusu hiyo. Nikabisha hodi saa kumi na robo, shati limenyooka, najisifu kwamba leo nimewahi. Kahawa ilikuwa imeshapoa vikombeni. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba nusu yao huhesabiwa ya kuifikia nne, siyo ya kuivuka. Walikuwa wananisubiri tangu saa tisa na nusu.

Nikaomba radhi, nikakaa. Mezani palikuwa na keki ya plamu, zile za zambarau iliyoiva, zimepasuliwa katikati na kupangwa safu safu kama mabati, juu zimenyunyiziwa sukari. Pembeni bakuli la krimu. Sikuwa nimekula mchana. Nani anakula kabla ya kwenda ugenini?

Yule mama akainua kipande kwa mwiko wake mpana, akakisogeza kwenye sahani yangu, akaniuliza kama nitakula.

"Danke," nikasema, na tabasamu.

Kwetu asante ya kwanza ni adabu tu. Mwenyeji anaijua, anakwambia "aa, onja hata kidogo", wewe unajizungusha, yeye anakushika mkono, mwishowe unakula hadi unashindwa kuinuka. Nikasubiri aa yangu. Mwiko ukapita mbele ya pua yangu na kipande kikatua kwa mjukuu. Mzunguko wa pili ukaja. "Danke," nikasema, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kubembelezwa. Krimu nayo ikapita.

Nikabaki na kahawa na kile kiuma chao kidogo cha keki, nakigeuzageuza. Niliwaona wachoyo, sitaficha. Watu wenye keki ya sinia zima!

Aliyeniokoa ni mjukuu, miaka sita, mdomo umejaa: "Kwa nini hapendi keki ya bibi?"

Meza ikanyamaza. Yule mama akaweka kikombe chini, akasema taratibu kwamba ameamka asubuhi na mapema kutoa kokwa. Ndipo nikatambua kwamba kwa muda wote ule aliyekuwa ameudhika ni yeye. Nikajieleza kwa Kijerumani kilichovunjika vipandevipande: kwamba ninapenda, kwamba nina njaa, kwamba nilikuwa nasubiri aniombe. Mwenzangu akacheka hadi machozi. Danke peke yake, mtu akikukaribisha kitu, kwao ni hapana. Ukitaka unasema "ja, gerne" au "bitte". Na wao hawambembelezi mgeni, maana kumlazimisha mtu aliyekwisha kukataa ni kumkosea heshima.

Nikala vipande vitatu. Krimu nikajipakulia mwenyewe.

Wakati wa kuaga, mama akanifuata mlangoni na kifurushi cha foili, bado kina uvuguvugu. Akaninyooshea. Mdomo ukanitangulia: "Danke!"

Mkono wake ukasimama katikati yetu. Akanitazama juu ya miwani. "Danke ndiyo, au danke hapana?"